Msimu uliobadilisha mazungumzo ya wazazi wetu Burlington

Mshika mbili, moja humponyoka. Mzee wangu aliipenda methali hiyo, na kila aliponiona narudi jioni na vumbi jekundu magotini aliirudia bila kuongeza neno. Tulikuwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo. Shule ilikuwepo na mpira ulikuwepo, lakini kwa wazazi wetu kimoja kilikuwa kinakula muda wa kingine. Simlaumu mzee. Alikuwa amewaona vijana wengi wenye vipaji wakizeekea kwenye ndondo za kambini, hawana cheti wala klabu, kilichobaki ni sifa za vijiweni tu.

Leo naishi Burlington, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Msimu mmoja wa timu ya mpira wa miguu ya chuo kikuu cha hapa, ule wa 2024, uliitikisa methali ya mzee wangu mbele ya macho yangu na ya wazazi wengi ninaowafahamu. Nayaandika haya kama mzazi, na kama mtu anayekusanya vijana wa mtaani mwishoni mwa wiki kuwafundisha kandanda. Jikoni ninakofanya kazi naingia zamu ya alfajiri, kwa hiyo mchana nina nafasi, na nafasi hiyo nimeitoa kwa watoto hawa.

Burlington ni mji mdogo wa watu kama 45,000, kando ya Ziwa Champlain. Kwa sisi tuliokulia upande wa Ziwa Tanganyika ni faraja kuamka na kuona maji mapana na milima ng'ambo yake. Mtaa wa Old North End na mji jirani wa Winooski ndiko walikopokelewa wakimbizi wengi: Wabosnia, Wabhutani, Wasomali, Wakongo, Warundi. Jumapili utasikia kwaya za Kiswahili, na dukani hukosi unga wa muhogo na dagaa. Sekondari ya mji ilikutwa na kemikali za sumu kwenye majengo yake, ikahamishiwa mwaka 2021 katika jengo lililokuwa duka kubwa la Macy's katikati ya mji. Watoto wetu walipanda ngazi za umeme kwenda darasani, na wakiwasimulia binamu zao waliobaki Kigoma wanaonekana waongo.

Chuo Kikuu cha Vermont kiko juu ya kilima, juu yetu kabisa. Kilianzishwa mwaka 1791, na kwa miaka mingi sisi tulikijua kama mahali pa kufanya usafi usiku au kama hospitali iliyo pembeni yake. Futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu inayojaza viwanja vya watu laki moja kwenye majimbo mengine, chuo hiki kiliiacha baada ya msimu wa 1974. Kwa sababu hiyo ikifika Septemba, majani yakianza kugeuka rangi, mpira wa miguu ndio wenye mji. Timu inaitwa Catamounts, uwanja wao unaitwa Virtue Field, na kutoka Old North End kijana mwenye baiskeli anafika bila kumwomba mzazi nauli.

Hapo uwanjani ndipo somo langu la kwanza lilipotoka, na lilitoka baada ya mechi kwisha. Ilikuwa jioni ya baridi, watu wanatoka, wazazi wanafunga zipu za makoti ya watoto, taa bado zinawaka. Vijana wangu walikuwa wamening'inia kwenye uzio wakisubiri kuwasalimia wachezaji. Ndani ya uwanja wale ambao hawakucheza, au waliocheza dakika chache, walijipanga kwenye mstari wa goli na kuanza kukimbia. Wanakwenda mpaka katikati, wanarudi, wanapumua kidogo, wanakwenda tena. Mvuke unawatoka vichwani. Kijana wangu mmoja akaniuliza, "Kocha, hao wameadhibiwa?"

Nikamwambia hapana. Wenzao wamekimbia dakika tisini kwenye mechi, na wao wanazitafuta dakika zao ili wiki ijayo wakiitwa miili iwe sawa. Alinyamaza akiwatazama. Huyu ndiye aliyekuwa akinununia kila nilipomweka benchi, anakaa amegeuza uso, kamba za viatu amezifungua. Jumamosi iliyofuata sikumwingiza, na mechi ilipokwisha nikamwona anakimbia peke yake, kutoka mti hadi mti. Sikumtuma.

Benchi la timu ya chuo si benchi la klabu tunazozitazama kwenye televisheni. Sheria ya vyuo inaruhusu mabadiliko mengi, na mchezaji aliyetolewa kipindi cha pili anaweza kurudi mara moja. Mechi zinabanwa ndani ya miezi michache, kuanzia mwisho wa Agosti, mara nyingi mbili kwa wiki. Timu yenye wachezaji kumi na moja wazuri na wengine wa kujazia haifiki Desemba. Kocha analazimika kuwa na watu kama ishirini anaoweza kuwaamini, na wale wa kumi na tano, wa kumi na saba, wanalazimika kujiandaa kana kwamba ni wa kwanza. Nilipolielewa hilo nilibadilisha jinsi ninavyogawa dakika kwa vijana wangu, na nikaacha kabisa kusema "timu A" na "timu B". Ukimwita mtoto B miezi mitatu, siku ya kumhitaji atacheza kama B.

Watu waliokuja kuijua Vermont siku ya fainali walidhani ni muujiza. Sisi wa hapa tulikuwa tumeziona hatua zake. Kocha Rob Dow alikabidhiwa timu mwaka 2017. Mwaka 2022 walifika robo fainali ya mashindano ya taifa, wakatolewa na Syracuse, ambao ndio waliochukua kombe mwaka huo. Mwaka 2023 wakarudi tena, wakatolewa tena. Nawakumbuka vijana wangu walivyokuwa wakisema, "Hawa kila mwaka wanafika halafu wanaanguka." Kwa mtoto wa miaka kumi na minne, kutolewa ni kushindwa, basi. Mimi niliyaona majina yale yale yakirudi mwaka unaofuata yakiwa yamekomaa. Mabeki waliolia Novemba hii ndio wanaoongoza wenzao Septemba ijayo, na mtu aliyekwisha kufungwa robo fainali akifika tena robo fainali hashangai, anaijua harufu yake.

Mashindano yale yana timu 48 za daraja la kwanza la vyuo nchi nzima. Kumi na sita zinapangwa kuwa vinara na kuanzia raundi ya pili; zilizobaki zinaanzia chini. Vermont 2024 hawakupewa nafasi ya kinara. Walianza nyumbani kwa kuwachapa Iona 5-0. Baridi ilikuwa imeshaingia, jua linazama saa kumi na nusu jioni, na vijana wangu walirudi wamekauka midomo huku wakiimba njia nzima. Baada ya hapo timu haikucheza tena nyumbani. Walikwenda kwa Hofstra, New York, wakawatoa. Wakavuka nchi nzima hadi California kuwakabili San Diego, wakawatoa. Wakaenda Pittsburgh, wakawatoa wenyeji kwao. Kila raundi ilikuwa mechi ya mtoto hatumwi dukani, na kila raundi idadi ya watu wetu waliokuwa wakifuatilia iliongezeka. Mama mmoja wa kanisani kwetu, ambaye sijawahi kumsikia akitaja mpira tangu nimfahamu, alinisimamisha baada ya ibada akaniuliza, "Baba, hao watoto wa chuo wanacheza lini tena?"

Nusu fainali ilikuwa Ijumaa tarehe 13 Desemba, mjini Cary, North Carolina, dhidi ya Denver. Dakika zote zikaisha 1-1, na kwenye mikwaju ya penalti Vermont wakashinda 4-3. Sitaeleza zaidi, maana penalti nyingi nilizipitisha nikiwa nimegeukia ukuta.

Fainali ilikuwa Jumatatu usiku, tarehe 16, dhidi ya Marshall wa West Virginia. Marshall si timu ya kubezwa. Nao ni chuo ambacho hakikuwa na jina kubwa kwenye kandanda, wakalichukua kombe hilihili Mei 2021 kwa kuwafunga Indiana 1-0 katika muda wa nyongeza, msimu ule ulioahirishwa kwa sababu ya korona. Nawaheshimu sana. Kwa hiyo waliokutana usiku ule walikuwa watoto wa milima wawili, na mmoja tayari alikuwa anajua njia ya kwenda kwenye kombe.

Tulitazamia kwangu. Viatu vilijaa mlangoni mpaka mlango ukawa haufungi vizuri, sambusa zinapita kwenye sinia, chai ya tangawizi kwenye chupa mbili. Wazee wamekaa kwenye viti, vijana sakafuni. Dakika ya 67 Tarik Pannholzer akaifungia Marshall, na sebule ikapoa. Baba mmoja mwenye zamu ya asubuhi akaanza kutafuta viatu vyake. Mimi macho yangu yalikuwa kwa wachezaji wa Vermont, kwa sababu najua timu ya vijana ikifungwa nini hufuata: huyu anamnyooshea mwenzake kidole, yule anapiga mashuti ya hasira kutoka mbali, kipa anafoka, na ndani ya dakika tano bao la pili limeingia. Kwenye kioo kile sikuona hata mmoja akimkemea mwenzake. Walichukua mpira, wakaweka katikati, wakaanza upya. Nikawaambia vijana waangalie hapo, wasiangalie mpira. Dakika ya 81 Marcell Papp akasawazisha, na yule baba mwenye viatu mkononi akakaa chini alipokuwa amesimama.

Kwenye hatua ile muda wa nyongeza ni vipindi viwili vya dakika kumi, na bao likiingia mchezo umekwisha hapo hapo. Dakika ya 95 mpira mrefu ulitoka nyuma. Maximilian Kissel, straika wa Kijerumani, alikuwa na beki mmoja tu wa kupambana naye. Wakagongana, Kissel akabaki amesimama. Kipa akawa ameshatoka, Kissel akampita, na mbele yake kukawa na lango tupu. Sebuleni kwangu mtu alipiga kelele "piga!" Kissel akiwa bado na mpira mguuni, na yeye hakupiga kwa pupa, aliusindikiza mpaka nyavuni. Vermont 2, Marshall 1. Timu ya kwanza isiyo kinara kutwaa kombe lile tangu Santa Barbara ya California mwaka 2006. Walimaliza msimu na ushindi mara 16, sare 6, wakafungwa mara 2 tu. Chuo hiki kilikuwa kinajulikana kwa mataji ya kuteleza kwenye theluji, mchezo ambao watoto wetu wengi hawajawahi hata kuugusa kwa sababu ya gharama zake. Sasa taji lilikuwa limekuja kwa mchezo wanaoujua tangu wanatambaa.

Furaha ya usiku ule ilikuwa kubwa, lakini mimi kilichonigusa zaidi ni wiki zilizofuata. Ghafla wazazi walianza kuniuliza maswali ambayo hawakuwahi kuniuliza. Je, hao vijana wanasoma kweli, au chuo kinawapa cheti cha bure? Wanalipiwa? Mwanangu anaingiaje? Ilibidi nijifunze ili niwajibu, na nilijifunza kwa kuwauliza washauri wa masomo shuleni, kwa kusoma kanuni, na kwa kuzungumza na kijana mmoja wa jamii yetu anayesoma chuoni hapo.

Kwanza, mchezaji wa chuo ni mwanafunzi kamili. Anahudhuria vipindi, anafanya mitihani, na alama zake zikishuka chini ya kiwango hachezi. Ili hata aruhusiwe kucheza daraja la kwanza, anapomaliza sekondari awe amepita masomo 16 ya msingi, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi, jamii na mengineyo yanayotambuliwa, kwa wastani usiopungua 2.3 kati ya 4. Masomo hayo huanza kuhesabiwa darasa la tisa. Hapo ndipo wazazi wetu wengi walishtuka. Mtoto anafika darasa la kumi na mbili, anacheza mpira wa kukata na shoka, ndipo mzazi anaanza kutafuta njia, na kumbe hesabu ilianza miaka mitatu nyuma. Wapo pia watoto waliofika nchini wakiwa na miaka kumi na tano au kumi na sita, wakawekwa kwenye madarasa ya kujifunza Kiingereza, na si yote yanayohesabiwa kwenye yale 16. Hawa wanahitaji mtu mzima wa kukaa na mshauri wa shule mapema, mkono kwa mkono, na kupanga ratiba upya.

Pili, fedha. Wazazi walikuwa wanadhani kila mchezaji wa timu bingwa analipiwa kila kitu. Hadi msimu ule wa 2024, sheria iliiruhusu timu nzima ya wanaume kugawana ufadhili wa watu 9.9. Timu yenye wachezaji karibu thelathini inagawana fungu la watu wasiofika kumi. Wengine wanapata nusu, wengine robo, wengine hawapati kitu kwa ajili ya mpira na wanasoma kwa misaada ya masomo na mikopo kama wanafunzi wengine. Kuanzia 2025, vyuo vilivyoingia kwenye mpango mpya wa kuwalipa wanamichezo vinatumia kikomo cha idadi ya wachezaji badala ya idadi ya ufadhili, lakini hakuna chuo kilicholazimishwa kumwaga pesa kwenye mpira wa miguu. Kwa hesabu za familia zetu jibu linabaki lile lile: alama nzuri darasani zinaweza kumletea mtoto fedha nyingi kuliko mabao.

Tatu, na hili niliwaambia kwa upole kwa sababu linauma. Angalieni majina ya waliotupa kombe. Kissel ni Mjerumani. Papp ametoka Hungaria. Mfungaji wao hatari, Yaniv Bazini, ametoka Israel. Vijana hawa walikuja wakiwa wamekomaa, wengi wamepitia shule za soka za Ulaya, wengine wana miaka ishirini na mbili au zaidi. Mtoto wetu wa miaka kumi na minane anayetaka nafasi kwenye timu hiyo anashindana na mwanaume. Mzee mmoja akasema, "Basi si yetu hiyo timu." Nilimwelewa, ila nilimjibu hivi: "Mzee, sisi pia tumekuja. Mji huu umejengwa na waliokuja. Wale walipokelewa kwa sababu walikuwa na kitu mkononi na vyeti mfukoni. Wetu nao tuwaandae hivyo hivyo." Akatikisa kichwa, hakukubali wala hakukataa. Wiki iliyofuata akaleta ripoti ya shule ya mjukuu wake niisome.

Kijana ninayetaka kumtolea mfano ni beki wa kushoto. Ana mguu wa kushoto safi, krosi zake zinatua pale anapotaka, na ana kasi ambayo kwenye ligi ya vijana wa hapa hainaswi. Baba yake alikuja kwangu kabla ya msimu ule akitaka nimwondoe kwenye mazoezi kwa sababu alama za hisabati zilikuwa zimeporomoka. Alinisalimia kwa heshima zote, akakaa, akanitolea ile methali ya mzee wangu neno kwa neno. Mwaka mmoja nyuma ningebishana naye. Safari hii nilimwambia, "Baba, una haki. Ila tusimnyang'anye mpira, tuufanye mpira umsukume." Tukakubaliana mbele ya kijana mwenyewe: Jumanne na Alhamisi, kabla ya mazoezi, anakaa maktaba ya mji na mwanafunzi wa chuo anayejitolea kumfundisha hisabati, kisha anakuja uwanjani na daftari. Bila daftari hachezi. Nilisimamia hilo hata siku ya mechi kubwa. Alikuja mikono mitupu, akakaa nje, tukafungwa kwa krosi iliyotoka upande wake. Wenzake walinilalamikia. Mimi nilikuwa nimeshakata shauri, na baba yake, aliyekuwa amesimama pembeni ya uwanja kwa mara ya kwanza, hakusema neno, alinipa mkono tu.

Alama zikapanda. Sitaki kusema zilipanda sana, zilipanda vya kutosha. Kilichobadilika zaidi ni nyumbani kwao. Baba sasa anajua ratiba ya mechi na ratiba ya mitihani, zote zimebandikwa kwenye friji, na mtoto hana tena haja ya kuficha viatu vya mpira chini ya kitanda kama nilivyoficha mimi vyangu.

Baada ya ubingwa kocha Dow aliondoka kwenda kufundisha Penn State, chuo kikubwa zaidi. Vijana wangu walichukia, wakaona wamesalitiwa. Nilitumia mazoezi yote ya siku moja kuzungumza nao kuhusu hilo badala ya kupiga mpira, maana naona ni sehemu ya kuelewa timu bingwa. Wachezaji wa chuo wana miaka michache tu, kisha wanahitimu. Makocha wanaitwa kwingine. Kikosi kile cha Desemba 2024 hakitacheza pamoja tena milele, na kila mmoja wao alilijua hilo siku ya kwanza ya mazoezi. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, timu za vyuo zinacheza kwa namna inayonishika moyo kuliko klabu kubwa: wana muda uliohesabika na wanautumia wote. Nami nina vijana kwa miaka mitatu, minne. Wakimaliza sekondari wanatawanyika, wengine kazini kiwandani, wengine Maine kwa shangazi, wachache chuoni. Nilichonacho nao ni misimu hiyo tu, kwa hiyo sipotezi Jumamosi.

Majira ya joto yaliyofuata, Agosti 2025, uwanja uleule wa Virtue Field ulishuhudia taji jingine. Vermont Green, klabu ya mji inayocheza ligi ya USL League Two, iliwafunga Ballard 2-1 kwenye fainali. Mji mdogo huu ukawa na mabingwa wawili ndani ya miezi minane. Sisi tulikuwepo, kundi zima, wazazi pamoja na watoto, wazee wamevaa skafu za kijani juu ya vitenge.

Ilikuwa katika umati ule, tukisubiri kutoka, mama yule yule wa kanisani aliponishika mkono. Ana binti wa miaka kumi na mitatu anayecheza na kaka zake uani. Akaniuliza, "Baba, yote uliyotueleza, hizo alama na huo ufadhili, ni za wavulana peke yao?"

Nilimwambia hapana, na kwamba kwa sheria ile ya zamani timu ya wanawake ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili wa watu 14, wakati ya wanaume ilikuwa na 9.9. Alirudia namba hizo mbili polepole, akamgeukia binti yake akamwambia kwa Kibembe kitu ambacho sikukisikia vizuri. Jumamosi iliyofuata binti alifika mazoezini na wenzake wanne, mmoja amevaa viatu vya kaka yake vilivyojazwa soksi. Tumewatafutia saa yao wenyewe uwanjani, na mwanafunzi mmoja wa kike wa chuo amekubali kuwafundisha. Wazazi wao nimewaomba waje na jambo moja tu: ripoti ya shule ya muhula uliopita. Wawili wamekwisha kuzileta.